Barua kwa Mhariri: Wanaoosha mawe ya Oldupai wafundishwe na kuunganisha picha zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na watu wa aina mbili, wale wanaosimamia uchimbaji wa mambo ya kale huku kwetu kaskazini, na walimu wa vyuo vya kompyuta ambavyo siku hizi viko karibu kila mtaa hapa Arusha, maana kwa nnavyoona hawa watu hawajawahi kukaa meza moja na laiti wangekaa kuna kazi kubwa sana ingekua inaisha hapahapa mjini na vijana wetu wakapata riziki na ujuzi kwa pamoja.

Mimi kazi yangu ni kupiga picha za mabaki ya kale. Timu ikirudi kutoka porini, iwe Oldupai, iwe kule Eyasi au Engaruka, inarudi na mifuko kwa mifuko ya mawe yaliyochongwa, vipande vya mifupa, vigae vya vyungu, na kila kimoja kinaoshwa, kinaanikwa, kinaandikwa namba kwa wino mwembamba kabisa, alafu kinapigwa picha. Watu wengi wakisikia Oldupai wanawaza lile fuvu la Zinj, la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ambalo mtafiti Mary Leakey aliliona tarehe 17 Julai 1959, na ni haki yao, ni jambo kubwa, lina umri wa kama miaka milioni 1.75 na liko kwenye makumbusho yetu Dar es Salaam. Lakini fuvu ni moja. Mawe na vipande vya mifupa vilivyotoka kwenye tabaka lilelile la udongo ni maelfu, na kila kimoja kinataka kuangaliwa kwa adabu ileile.

Sasa jiwe la kuchongwa halisomeki kwa picha moja. Anayelichunguza anataka aone uso wenye makovu ya kugongwa, anataka aone mgongo wake ambako kwenye kipande kilichobanduliwa kuna kauvimbe kadogo pale jiwe la kugongea lilipotua, anataka aone ubavu ajue unene, na mara nyingine ncha na kitako. Kwahiyo jiwe moja linakua na picha nne, mara nyingine sita, na zote inabidi zikae kwenye ukurasa mmoja, zimepangwa sambamba, skeli moja yaani zote kwa kipimo kimoja cha ukubwa, mwanga umetokea juu kushoto kama ilivyo desturi ya wachoraji wa zana za mawe, na namba iko chini. Huo ukurasa ndo unaoingia kwenye ripoti, ndo anaousoma mwanafunzi ambaye hatapata kulishika lile jiwe maisha yake yote.

Na watu wasidhani hizi picha ni mapambo. Angalia Laetoli. Nyayo za viumbe wa kale wa jamii ya binadamu zilipatikana kule mwaka 1978, zina miaka kama milioni 3.66, na mwaka uliofuata zikafukiwa ili zisiharibike, baadae ikaonekana migunga imeota kwenye kile kifusi na mizizi inashuka kuelekea kwenye nyayo, ikabidi mwaka 1995 na 1996 zifukuliwe tena, miti itolewe, zipigwe picha upya na kupimwa, alafu zirudishiwe udongo. Mtu akitaka kuzisoma zile nyayo leo anasoma picha, vipimo na nakala za plasta. Picha ikiwa na kosa, basi ndo elimu yenyewe ina kosa, na huwezi kusema ngoja nikafukue nihakikishe.

Tukirudi kwenye kuunganisha. Njia iliyozoeleka ni ya mkono, unafungua picha moja kwenye kompyuta, unakata, unavuta, unaiweka pembeni ya mwenzake, unasogeza hivi unasogeza vile mpaka zinyooke, unaandika namba, unahifadhi, unaenda jiwe lingine. Kwa mawe kumi sawa. Kwa mawe elfu mtu anapoteza macho, na ukichoka ndo namba zinaanza kuingiliana. Matokeo yake nnayoyaona mara nyingi ni kwamba msimu wa kuchimba unaisha kazi haijaisha, picha zinaingizwa kwenye hadi disiki, hadi disiki inapanda ndege. Mawe yanabaki sababu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu kuyatoa nchini bila kibali, na hilo ni jema kabisa, ila zile kurasa zilizounganishwa vizuri zinatengenezwa mbali na huku wanabaki na mawe kwenye mifuko na picha mbichi ambazo hazijapangwa, kama hata hizo zimeachwa.

Skripti ndo inaondoa hiyo shida. Kwa ambaye hajui, skripti ni maelekezo umeyaandika kwenye faili la kawaida la maandishi na kompyuta inayafuata mstari kwa mstari bila kuchoka. Kwa maneno ya kawaida ingekua hivi: soma kila picha kwenye folda hii. Angalia namba iliyoko mwanzo wa jina. Zenye namba moja ziweke pamoja, uso kwanza, mgongo wa pili, ubavu wa tatu. Zipange kwenye ukurasa mweupe. Weka skeli. Andika namba chini. Hifadhi kwenye folda nyingine. Nenda namba inayofuata. Basi. Unaiachia usiku, asubuhi unakuta kurasa zimejipanga na wewe mda wako wote unautumia kukagua badala ya kuvutavuta picha.

Na programu za kufanyia hivyo ni za bure, hili ndo linaloniuma kuona hatuzitumii. Iko ImageMagick, imekuepo tangu mwaka 1990, ina amri inaitwa montage ambayo kazi yake ni kupanga picha nyingi kwenye ukurasa mmoja. Iko Python, lugha ya kuandikia skripti ambayo vyuo vingi vinaifundisha, ukiiongezea Pillow, nyongeza yake ya kushughulikia picha, inafungua na kuunganisha picha vile unavyotaka wewe. Zinafanya kazi hata kwenye laptopu ya zamani, na ukishazishusha mara moja huhitaji bando tena, hata ukiwa kambini ambako mtandao hakuna na umeme ni wa sola. Photoshop ni nzuri siibezi, ila tangu mwaka 2013 matoleo yake mapya huyanunui ukayamiliki, unalipia kila mwezi, sasa mtu anayelipwa kwa msimu huo mzigo anaubebaje?

Lakini Mhariri nisiishie kusifia, maana skripti ikiandikwa na mtu ambaye hajui mawe inaharibu kwa kasi ileile inayotengeneza, na inaharibu kimyakimya.

Kubwa kuliko yote ni skeli. Ile amri ya montage ukiiacha ilivyo, inapunguza kila picha mpaka iingie kwenye kisanduku cha pikseli 120 kwa 120, pikseli ni vile vinukta vinavyojenga picha. Kila picha. Kwahiyo shoka la mkono lenye urefu wa sentimita 20 na kipande kidogo cha sentimita 2 vinatokea vimelingana, ni sawa na kupiga picha ya ukoo alafu ukawavuta watoto wote wafikie kimo cha babu. Ukurasa unakua msafi, unapendeza macho, na ni uongo mtupu. Mtu anayejua mawe akiuona anashtuka, ambaye hajui anaupeleka kwenye ripoti.

Dawa yake haina uchawi. Kabla ya kuunganisha lazima ujue kila picha ina pikseli ngapi kwa sentimita moja. Unaangalia ile rula ndogo iliyopigwa pamoja na jiwe, unahesabu pikseli kuanzia alama ya 0 mpaka ya 5, unagawa kwa 5, umeipata. Ukiipa skripti hiyo namba inapunguza picha zote zifike kiwango kimoja, na nasema inapunguza sababu ukianza kukuza picha ndogo hupati undani wowote mpya, unapata ukungu tu. Anayetaka jiwe lichapwe kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi, sentimita moja inatakiwa iwe pikseli 118. Kama kamera imefungwa kwenye stendi na hamna aliyegusa lenzi wala kimo cha stendi basi hesabu moja inatosha kwa mawe yote ya unene unaofanana. Ila hapo pia kuna kitu watu wanapitiliza, rula isilazwe tu mezani kama jiwe ni nene. Ukingo wa jiwe ukiwa juu ya meza sentimita 4, uko karibu zaidi na lenzi kuliko rula, kwahiyo jiwe linaonekana kubwa kuliko lilivyo, na hiyo skripti haiwezi kujua. Rula inainuliwa na kipande cha sponji mpaka ifike usawa wa ukingo unaopimwa. Kazi ya sekunde chache.

La pili ni kuhesabu badala ya kusoma. Niliwahi kuletewa kurasa za timu moja, siitaji, zimeunganishwa tayari, nikaombwa nizichape tu. Kuanzia katikati ya faili mpaka mwisho kila ukurasa ulikua na uso wa jiwe moja na mgongo wa jiwe lingine. Aliyeandika skripti alikua ameiambia ichukue picha nne nne kwa mpangilio, akiamini kila jiwe lina picha nne, kumbe kuna jiwe moja ubavu wake haukupigwa, basi kuanzia hapo kila kitu kikasogea nafasi moja. Na hamna aliyeona, sababu yalikua mawe meupe ya kwatzi kama yale ya kilima cha Naibor Soit pale karibu na bonde la Oldupai, kwenye picha yanafanana sana. Yalijulikana kwa umbo, maana umbo la mgongo ni lazima liwe umbo la uso lililogeuzwa kushoto kulia, na haya hayakuafikiana hata kidogo. Kama kurasa zile zingechapwa, mtafiti angeandika kwamba kipande flani kina makovu haya upande huu na uvimbe ule upande ule, na hicho kipande hakipo duniani.

Kwahiyo skripti isome namba kwenye jina la faili, isihesabu. Na ikikuta jiwe limepungukiwa picha isijiendee tu, isimame au iandike kwenye orodha kwamba namba hii haina ubavu, ili mtu arudi mezani apige ile picha jiwe likiwa bado lipo mbele yake. Mimi naona hiyo orodha ya mapungufu ina thamani kuliko hata kurasa zenyewe, kwa sababu inakwambia ukiwa bado una nafasi ya kurekebisha.

Majina yenyewe yaandikwe na sifuri mbele, 001, 002, 010, la sivyo skripti nyingi zitaweka 10 kabla ya 2. Picha iliyopigwa kamera ikiwa imelazwa ubavu ina alama ndani yake ya kusema igeuzwe, skripti isiyosoma hiyo alama itakulaza jiwe. Hayo ni madogo na yanarekebishika.

Lisilorekebishika ni kupoteza picha za asili. ImageMagick hiyohiyo ina amri nyingine, mogrify, inayoandika juu ya faili lenyewe. Mtu anataka apunguze picha apate ndogo za kutuma kwa simu, anaiendesha kwenye folda yenye picha za asili, imekwisha, picha kubwa hazipo tena. Na za JPEG kila ukizifungua na kuzihifadhi upya zinapoteza undani kidogo. Za asili ziwe kwenye folda ambayo skripti inaruhusiwa kusoma tu, ziwe na nakala kwenye hadi disiki mbili zinazokaa majengo mawili tofauti, na kurasa zilizounganishwa zihifadhiwe kwa TIFF, aina ya faili inayoweza kutunza picha bila kupoteza undani. Picha ya jiwe unaweza kuipiga tena, sawa, ila picha ya jiwe likiwa bado limekaa kwenye udongo pale lilipokutwa huipati tena hata ufanyeje.

Sasa ndo maana nasema wafundishwe walewale wanaoosha na kuandika namba. Huyo kijana aliyekaa na beseni na mswaki anaosha mawe ya msimu mzima ana kitu ambacho mtaalamu wa kompyuta hana, anayajua mawe kwa mkono. Akiona ukurasa ambao kipande kidogo kimelingana na shoka anajua palepale. Akiona mgongo si wa mwenzake anajua. Kumfundisha yeye mistari michache ya Python ni rahisi kuliko kumfundisha fundi wa kompyuta kuona makovu kwenye kwatzi, na wanaobisha waje tuwakalishe wote wawili meza moja tuone.

Na sio kwamba ni ndoto. Mary Leakey mwenyewe aliingia kwenye hii kazi kwa mlango wa uchoraji, alikua anachora zana za mawe kwa ajili ya vitabu vya wengine kabla jina lake halijajulikana kwa kuchimba. Kamoya Kimeu, Mkenya, alianza na akina Leakey mwaka 1960 kama kibarua, na mwaka 1964 ni yeye aliyeliona taya la Peninj, la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, kule Ziwa Natron. Jicho linalokaa na kitu kila siku linakuja kuona ambacho wenye vyeti wamekipita. Sasa sisi jicho hilo tunalo, tunalipa kwa siku, msimu ukiisha tunalirudisha mtaani likaendeshe bodaboda.

Ombi langu la kwanza ni kwa wanaotoa vibali. Utafiti unapita COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na leseni ya kuchimba inatoka upande wa malikale. Naomba iandikwe wazi kabisa kwenye masharti kwamba kabla timu haijafunga mizigo inaacha hapa nchini picha zote za asili, kurasa zilizounganishwa, na ile skripti yenyewe iliyotumika, mahali yanapohifadhiwa mawe. Skripti ni faili dogo la maandishi, halijazi hata fleshi ya bei rahisi kuliko zote, lakini mwenye nalo anaweza kukagua kazi ilifanywaje, anaweza kuirudia kwa mawe ya msimu mwingine, na kosa likija kugundulika miaka kumi mbele anaweza kulifuata mpaka kwenye mstari lilipoanzia. Kurasa zilizounganishwa kwa mkono huwezi kuzifuatilia hivyo. Na kila timu iwe na angalau kijana mmoja wa hapa ambaye kazi yake iliyoandikwa kwenye mkataba ni hiyo ya picha na kuziunganisha, na jina lake litokee kwenye ripoti kama yanavyotokea majina ya wengine.

La pili ni kwa walimu wa vyuo. Wanafunzi wenu wa Python wanapewa mazoezi ya kutengeneza kikokotoo na orodha ya wanafunzi hewa, miaka nenda rudi. Wapeni folda la picha zenye majina yaliyovurugika, nyingine zimelala, nyingine skeli tofauti, kuna vitu viwili vimepungukiwa picha, waambieni watoe kurasa safi na orodha ya mapungufu. Hilo zoezi lina kila kitu mnachotaka kufundisha, kusoma mafaili, kupanga, kugawa, kukagua makosa, na mwisho wake kuna kitu cha kweli mkononi. Na makumbusho tunayo hapahapa mjini, kwenye lile boma la Mjerumani la mwaka 1900, wanafunzi wanaweza kwenda kwa miguu wakaona vitu vyenyewe vinavyotakiwa kupigwa picha.

Chuo chochote cha Arusha au Moshi kitakachokua tayari, mimi nitakuja na kamera, stendi na rula zangu, sitaki malipo kwa mafunzo ya mwanzo. Mawe ya kale hayatakiwi kutolewa stoo kwa ajili ya mazoezi, kwahiyo mawe ya kujifunzia tutayachonga wenyewe hapo uwanjani, mje na miwani ya kukinga macho na glavu.

Mpiga picha za mabaki ya kale,
Sakina, Arusha